Ua la Kivulini

Stendi ya Muheza, ukimwambia konda kwamba unapanda Amani kuangalia maua, atakusahihisha kwa upole: "Vipepeo, siyo?" Hana kosa. Wageni wa Usambara Mashariki wamezoea kwenda kuona vipepeo wanaofugwa na wanakijiji, ambao zamani waliuzwa ng'ambo wakiwa bado mapupa, au ndege, au vinyonga. Maua gani tena ya kumpandisha mtu mlima? Mama mmoja aliyekaa kiti cha nyuma na kiroba cha dagaa mapajani alitaka kujua kama maua hayo huliwa. Akaambiwa hayaliwi. "Basi dawa?" Wala si dawa. Akaguna, na mazungumzo yakarudi kwenye bei ya hiliki.

Ua lenyewe linajulikana zaidi mbali kuliko hapa. Ni miongoni mwa mimea ya chungu inayopendwa kupita yote duniani, na Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la milima hii ya Usambara. Wauza maua wa Ulaya na Marekani hulipanga madukani mwaka mzima, jekundu, jeupe, la waridi, lenye petali za kujikunja. Wataalamu wa mimea walilipa jina la Saintpaulia, na jina hilo lina hadithi yake, ya afisa wa kikoloni aliyekaa Tanga. Hapa tuliite ua la Usambara, ingawa utaona mbele kwamba si la Usambara peke yake.

Barabara ya Amani hupita kwanza kwenye michungwa ya Muheza, halafu vijiji vyenye minazi na migomba, halafu ghafla msitu. Mlangoni pa hifadhi, Sigi, ipo nyumba ya zamani iliyokuwa ya mkuu wa stesheni. Ndiyo, stesheni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi hapa ili kusomba magogo. Reli yenyewe haipo tena, nyumba imebaki kuwa ofisi ya kupokea wageni. Juu zaidi, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, ndiko walikoanzisha mwaka 1902 kituo cha utafiti wa kilimo na bustani ya mimea kutoka kila pembe ya nchi za joto. Mdalasini, karafuu na miti ya mbao ya Asia na Amerika iliyoletwa kufanyiwa majaribio bado inasimama Amani.

Mwongozaji alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, mwenye panga na mabuti ya mvua. Hakuwa na kitabu. Mawe yenye maua aliyajua tangu utotoni, alipokuwa akitumwa maji, kwa sababu maua hayo humea palepale maji yanapochuruzika. "Twende taratibu, mzee," alisema tulipoanza kushuka bondeni, "huku chini jiwe linateleza hata kwa mwenyeji."

Jua lilikuwa la saa tano asubuhi, lakini kando ya kile kijito ilikuwa kama magharibi imekaribia. Mwamba ulikuwa na kimo cha watu wawili, umeegemea mteremko, upande wake mmoja umejikunja kwa ndani. Mara ya kwanza huoni kitu ila jiwe jeusi lenye unyevu. Macho yakishazoea, unaona kuvumwani, ya kijani kibichi, imefunika kila ufa. Kisha majani: manene, ya mviringo, yamejipanga kuzunguka kitovu kimoja na kulala bapa juu ya jiwe, kila moja kwenye kikonyo chake cha rangi ya damu ya mzee. Ukiligusa jani lina vinyweleo laini kama sikio la mwanambuzi. Matone madogo ya ukungu yalikuwa yamening'inia kwenye ncha za vinyweleo hivyo, bila kugusa ngozi ya jani lenyewe.

Maua yalikuwa machache, mawili hapa, matatu pale, kwenye vijiti vyembamba vilivyoinama. Buluu inayoelekea zambarau, upana wa sentimita mbili au tatu hivi. Petali tano: mbili ndogo juu, tatu pana chini. Katikati, vifuko viwili vya chavua vya manjano makali vimebanana. Aliyezoea ua la dukani, lililojaa hadi majani hayaonekani, anaweza kusikitika kidogo. Mimi nililiona la mwambani kuwa zuri zaidi, pengine kwa sababu halikuwa limepangwa na mtu.

Sasa ikaribie sura ya ua. Kando ya vile vifuko vya manjano kunachomoza kijiti chembamba, sehemu ya kike, ambacho hakisimami katikati kama ilivyo kawaida ya maua mengi. Kwenye ua hili kimepinda kushoto. Kwenye ua la jirani kimepinda kulia. Wadudu hawapewi asali hapa, maana ua hili halina nekta; kinachotolewa ni chavua tu. Nyuki anapotua, upande mmoja wa mwili wake hupakwa chavua na upande mwingine huguswa na kile kijiti. Akienda kwenye ua lililopinda kinyume, chavua iliyokuwa upande wa kulia hukutana na kijiti cha kulia. Kwa njia hiyo ua hupunguza uwezekano wa kujichavusha lenyewe kwa lenyewe.

Na chavua haipatikani kwa kuomba. Vifuko vile vimefungwa, vina tundu dogo tu kwenye ncha. Nyuki anayejua kazi hukikumbatia kifuko, hufunga mabawa na kutetemesha misuli ya kurukia, na chavua hutoka kwa kutikiswa. Nyuki wa asali wa kwenye mizinga hawana ufundi huo. Wanao nyuki wengine wanene wanaoishi kila mmoja peke yake, na ndio haohao wanaofaa sana kwenye maua ya nyanya na bilinganya, ambayo nayo hushikilia chavua kwa mtindo uleule. Katika vilima vya Taita nchini Kenya, mtafiti wa wadudu Dino Martins alieleza mwaka 2008 jinsi nyuki wa jenasi Amegilla wanavyoyazuru maua ya aina ya Taita. Mkulima wa nyanya wa chini ya mlima na ua la mwambani, kwa hiyo, wanaweza kuwa wanamtegemea fundi mmoja.

Mmea huu hauna kiazi wala kitunguu cha kujificha ardhini wakati wa shida. Mizizi yake ni mifupi, imeshika kiganja cha mboji kwenye ufa. Kinachouweka hai ni mambo matatu tu, kivuli, unyevu wa hewa na jiwe lenye ubaridi wa wastani. Jua la moja kwa moja huyaunguza majani. Hata maji, yakiwa ya baridi kupita kiasi na yakamwagwa juu ya jani lenye joto, huacha madoa ya kudumu kwa sababu seli za ndani hupasuka. Wakuzaji wa ua hili Ulaya hulijua hilo vizuri, ndiyo maana humwagilia kwa chini na kwa maji ya uvuguvugu. Huku msituni ukungu wa Bahari ya Hindi hufanya kazi hiyo bila kufundishwa.

Lakini mmea huohuo dhaifu una nguvu ya ajabu ya kujirudia. Chukua jani moja, lichomeke kikonyo chake kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa chini ya kikonyo hutokea vichipukizi. Jani moja, mmea mzima, unaofanana na mama yake kwa kila kitu. Tabia hii moja ndiyo iliyolifanya ua la Usambara kuwa biashara: mwenye mmea mmoja alikuwa na mimea mia kabla ya mwaka kwisha, na jirani aliyeomba jani hakumpunguzia kitu.

Walioliona kwanza, kwa maana ya kuliandika, ni watu ambao msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuwakumbuka kwa mambo mengine kabisa. Mwaka 1884 Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka sampuli Kew, London. Mwaka 1887 akafuatia Mchungaji W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa. Taylor huyu ndiye aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na mwaka 1891 akatoa kitabu cha methali za Waswahili. Alikuwa na jicho la kila kitu, neno na jani. Ila sampuli zake na za Kirk hazikutosha kwa wataalamu kuandika maelezo rasmi, zikabaki kabatini.

Wa tatu ndiye aliyepata jina. Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya ya Tanga chini ya Wajerumani, naye pia alikuwa mtu wa Kiswahili: kitabu chake cha kuwafundisha Wajerumani lugha hii kilitoka mwaka 1890. Alilikuta ua katika sehemu mbili, moja kwenye mawe ya chokaa mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini Tanga, chini ya mita 50 kutoka usawa wa bahari, na nyingine ndani ya msitu wa Usambara, karibu mita 750. Mbegu alimpelekea baba yake, aliyependa mimea. Baba akazifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliandika rasmi kwa jina la ukoo wa Saint Paul, na mwaka huohuo likaonyeshwa kwenye maonyesho ya maua ya Ghent, Ubelgiji.

Kampuni ya mbegu ya Benary ya Erfurt ikaanza kuliuza. Mwaka 1926 kitalu cha Armacost na Royston cha Los Angeles kilipanda mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza na kuchagua aina 10 tu zilizowapendeza. Mojawapo, Blue Boy, ilizaa kwa mabadiliko ya ghafla aina nyingine nyingi. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo Marekani wakaunda chama chao, ambacho bado kipo, kina jarida na kinafanya mashindano. Mwaka 1984 mbegu zake zilirushwa angani na chombo cha Challenger, zikazunguka dunia hadi 1990. Mbegu za jiwe la Muheza! Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuwasimulia wanafunzi wa Muheza habari hiyo. Ingekuwa mwanzo mzuri wa somo la jiografia.

Kuna jambo la mwaka 1893 ambalo halisemwi mara nyingi. Mwaka huo ua la Tanga lilipokuwa likipigiwa makofi Ghent, mmea mwingine ulikuwa ukiingia Tanga kwa njia hiyohiyo ya bahari. Richard Hindorf, Mjerumani pia, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge, na mwaka 1964 uzalishaji ulifika takriban tani 230,000. Mexico, nyumbani kwa mkonge, haikulipwa kitu. Tanga, nyumbani kwa ua, nayo haikulipwa. Ukipiga hesabu ya haki, deni ni la pande zote, ingawa wenye mashamba na wenye vitalu walikuwa wale wale.

Kutoka Amani nilishuka hadi Tanga mjini, maana lile jiwe la kwanza la Saint Paul liko huko. Watu wengi huyajua mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini mwa mji, kwa popo wake, kwa matambiko, na kwa simulizi za Osale Otango, mtoro aliyejificha humo miaka ya 1950. Wachache huinua macho kutazama kuta za nje. Mawe ni ya chokaa, meupe na kijivu, yamechongwa na maji ya mito Mkulumuzi na Zigi. Pwani hapa joto ni la kweli, jasho linakutoka umesimama. Lakini kwenye nyufa zinazotazama mbali na jua, ambako miti bado imeegemea ukuta, ndipo majani yale yale ya mviringo hushikilia. Ni makavu zaidi, madogo zaidi, vikonyo vimejikunyata. Mtu aliyeyaona ya Amani angesema ni mmea mwingine.

Na wataalamu nao walisema hivyo kwa muda mrefu. B. L. Burtt, mtaalamu wa Uingereza aliyefanya kazi Kew na baadaye Edinburgh, alifikisha orodha ya spishi karibu 20 katikati ya karne iliyopita. Ukisoma majina yake ya Kilatini unasoma ramani ya Mkoa wa Tanga: amaniensis, magungensis, tongwensis, shumensis. Kila bonde na ua lake. Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa Kew akayapanga upya na kubakiza spishi sita, nyingi za zile za zamani zikawa ni sura mbalimbali za spishi moja. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ukamaliza mchezo: Saintpaulia yote ikaingizwa ndani ya jenasi kubwa zaidi ya Streptocarpus. Jina la yule mkuu wa wilaya likakoma kuwa jina la jenasi, likabaki kwenye vibandiko vya madukani.

Kwa mtembezi wa kawaida mabishano hayo yana maana moja. Mmea huu hautembei mbali. Mbegu zake ni vumbi, hudondoka karibu na mama, huburutwa na maji. Kati ya jiwe na jiwe lenye kivuli kuna mashamba, barabara na jua. Kila jamii imefungiwa kwenye jiwe lake kwa muda mrefu kiasi cha kuanza kuwa na sura yake. Ndivyo ilivyo kwenye milima yote ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita na kushuka hadi Udzungwa, ambao misitu yake imepokea unyevu wa bahari kwa mamilioni ya miaka wakati nyanda za kati zikikauka. Uluguru wana aina yao. Shume, Usambara Magharibi, wanayo inayostahimili miinuko ya baridi. Taita wanayo ile ya msitu wa Mbololo, iliyo hatarini kabisa kutoweka. Kaunti ya Kilifi, nchi aliyotembea Taylor, wanayo ya kwenye mawe ya Cha Simba na korongo la Kacharoroni, nayo iko katika hatari hiyohiyo.

Hatari yenyewe si ya watu kuja kuchuma maua, ingawa wapo wanaochuma. Nilionyeshwa kule mlimani jiwe lililokuwa na maua hadi misimu michache iliyopita. Liko pembeni ya shamba la tangawizi. Hakuna aliyeligusa. Mwenye shamba alikata miti miwili iliyokuwa ikilifunika, jua likafika, kuvumwani ikawa ya rangi ya kahawia ikabanduka, na majani yakaenda nayo. Sehemu iliyobaki na uhai ni ufa mmoja kwa chini, ambako mmea mdogo, jani la ukubwa wa ukucha, ulikuwa bado unajaribu. Mwenye shamba alikuwepo, mzee wa makamo, akajibu shikamoo na kutusogezea gogo tukae. Hakujua kwamba ua lile lina jina. "Mimi nilitaka tangawizi ipate jua," alisema, na ukimtazama, na ukiutazama mteremko alioulima kwa jembe la mkono, huna la kumlaumu.

Zaidi ya hapo, waliokata miti mingi hapa hawakuwa wakulima wa tangawizi. Miaka ya 1970 na 1980 magogo ya Usambara Mashariki yalivunwa kwa mashine, kwa msaada wa fedha za Finland. Baada ya kelele za wanasayansi, kazi hiyo ikasimamishwa, na Finland ileile ikageuka kufadhili uhifadhi. Kwenye mapengo yaliyoachwa ukaingia mti wa Maesopsis eminii, ambao wakoloni waliuleta Amani kutoka nchi za maziwa. Hondohondo wanayapenda matunda yake na kuyasambaza. Unakua haraka, lakini kivuli chake ni chepesi na udongo wake si ule wa msitu wa asili wenye mitambara na misambu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dhahabu nayo ikapatikana maeneo ya Sakale, wachimbaji wakamiminika kwenye vijito hadi serikali ikawaondoa.

Na kuna hiliki. Ni zao la kivuli, kwa hiyo kwa mbali shamba la hiliki huonekana kama msitu: miti mikubwa imeachwa, chini yake ndipo hufyekwa. Miche ya miti haipati nafasi ya kukua, na siku miti ile mikubwa ikianguka hakuna ya kuipokea. Msitu wa Derema, unaounganisha vipande vya misitu ya hifadhi, ulikuwa umejaa mashamba ya aina hiyo. Ulipofanywa hifadhi, wakulima zaidi ya 1,000 waliondolewa na kulipwa fidia katika miaka ya 2000, na mpaka leo ukitaja Derema kijijini utasikia malalamiko ya malipo na ya ardhi ya kuhamia. Maoni yangu ni kwamba msitu ulihitaji kulindwa, na kwamba bei ya ulinzi huo ililipwa na watu wachache mno kwa niaba ya wengi mno. Wenye ua hili madirishani huko Hamburg hawakuchangia hata senti moja kwa sababu ya ua lao.

Watu wa Tanga mjini nao ni wadaiwa, wajue au wasijue. Maji ya mabombani mwao hutoka Mto Zigi, unaokusanya vijito vya milima hii na kujaza bwawa la Mabayani. Kijito kile cha mwamba wa Amani, kile cha saa tano yenye kiza, mwisho wake ni ndoo za mitaa ya Ngamiani na Chumbageni. Kivuli kinachoweka ua hai ndicho kinachozuia udongo usishuke mtoni. Kwa hiyo anayeuliza ua hili lina faida gani, haliliwi, halitibu, anaweza kujibiwa kwamba ni kipimo. Jiwe likiwa na maua, bonde hilo bado lina msitu wa kweli. Jiwe likikauka, hakuna haja ya kusubiri ripoti ya mtaalamu.

Lipo pia suala la fedha, na hapo mambo ni magumu zaidi. Mkataba wa Bayoanuai wa mwaka 1992 na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 vinasema nchi zina haki juu ya mimea yake ya asili na zinastahili mgawo wa faida. Ila mbegu za Saint Paul ziliondoka karne moja kabla ya mkataba huo, na jani likishatoka halirudi. Kilichobaki mkononi ni aina ambazo vitalu vya nje bado vinazihitaji: za Shume na Uluguru zenye kuvumilia baridi, za Amboni zenye kuvumilia ukame, zile za kutambaa zenye mashina marefu. Aina za madukani, kwa miaka mingi, zilitokana na kapu dogo sana la mbegu, na anayetaka kuziongezea nguvu lazima arudi kwenye miamba hii. Safari hii aje kwa mkataba na kijiji, si kwa mfuko wa koti.

Jambo lililonishangaza zaidi Tanga lilikuwa kutoliona ua hili popote lilipopandwa na mtu. Katika vitalu vya kando ya barabara nilikuta waridi, bougainvillea, mimea ya plastiki hata. Mwuzaji mmoja alinielewa nilipolieleza, akasema, "Hilo la wazungu? Halimei huku." Limemea huku kabla ya mji kuwepo. Linahitaji chungu kidogo, baraza lenye kivuli, mboji na mkono usiomwagilia kupita kiasi. Nyumba nyingi za pwani zina baraza za namna hiyo. Shule za Muheza na Korogwe zingeweza kulikuza kwa majani machache kutoka bustani ya Amani, kwa kibali, na kuliuza kwa wageni wanaopanda kuona vipepeo.

Kwa msomaji anayetaka kulifuata mwenyewe: Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 na iliyo ya kwanza ya aina yake nchini, inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio hulipwa Sigi. Nenda baada ya mvua, maua yanapokuwa mengi, na uvae viatu visivyoteleza. Mchukue mwongozaji wa kijijini na umlipe vizuri, kwa sababu mawe yenyewe hayana vibao na yeye ndiye anayeyajua. Amboni ni karibu na mjini, hata kwa bodaboda unafika. Piga picha uwezavyo. Usichomoe mmea, usikwangue kuvumwani, usikate tawi ili mwanga wa picha uwe mzuri. Ukilitaka nyumbani, omba jani kwa mwenye chungu.